Makopo Mawili Dirishani

Nyumbani,
9 Februari 1966

Kaka yangu mpendwa,

Pokea salamu kwa mikono miwili, mmoja wa zangu na mwingine wa za Mama. Yeye yuko hapa mbele yangu anachambua kunde na kunikatiza kila mstari. Anasema nikuulize kama unakula. Nimemwambia mtu asiyekula hawezi kuandika barua ndefu kama zako. Kasema niulize hivyo hivyo. Haya, unakula?

Sasa habari yenyewe. Ile barua uliyomwandikia Mwalimu wetu wa sayansi imefika, na shule nzima imechangamka. Jumatatu alisimama mbele ya darasa la saba akasema, "Idara ya Misitu inaomba mbegu za msaji, na sisi ndio tuliochaguliwa. Aliyetuombea nafasi hiyo alikaa kwenye dawati hili." Akaligonga dawati langu kwa rula. Kaka, nilikaribia kupasuka. Wote waligeuka kunitazama. Mapengo, rafiki yangu, yule mjukuu wa bibi ambaye shamba lake limepakana na letu bondeni, alinifinya paja mpaka leo pana alama.

Tunaokota kila siku baada ya masomo, chini ya ile misaji mikubwa ya kando ya barabara ya stesheni. Wadogo walikuwa hawajui siri ya msaji, kwamba ukisugua jani lake changa viganjani linatoa wekundu. Sasa wanajua. Juzi darasa la tatu zima lilirudi nyumbani na mikono myekundu, kina mama wakapiga yowe wakidhani watoto wamekatwa na vioo.

Na si kuokota tu, tunafundishwa. Mbegu ya msaji ina ganda gumu kama mfupa, tena imevaa koti la manyoya juu yake. Ukiizika hivi hivi inaweza kukaa mwaka mzima inakutazama tu. Lazima uiloweke usiku, uianike mchana, uiloweke tena, uianike tena, mpaka ganda lichoke. Mwalimu anasema mbegu ina subira kuliko mkulima. Mapengo akauliza kama ina subira kuliko mtu anayesubiri kengele ya mwisho. Alisimamishwa pembeni, lakini Mwalimu mwenyewe alikuwa anajizuia kucheka.

Mwalimu anasema miche itakayotoka itapandwa kwenye kile kilima chenye upara hapo juu yetu, ili chemchemi irudi. Ni kweli? Nilipomwambia Mama aliacha kuchambua. Akasema alipokuwa msichana alikuwa anachota maji pale kilimani bila kuinama, yanatoka ubavuni mwa mlima kama mtu anakumiminia. "Basi mwanangu anatuletea maji," akasema, kisha akarudi kwenye kunde zake kama aliyesema jambo la kawaida.

Lakini nilimwona akijifuta jicho kwa kiwiko.

Mdogo wako,
Sisimizi
(Jina lako ulilonipa limefika mpaka shuleni. Wanasema nabeba gunia lililonizidi kimo.)

*

Bustani ya Miche,
24 Februari 1966

Sisimizi wangu,

Nakula. Mwambie Mama mkanda wangu umehama tundu. Nisichopata ni usingizi tu. Tuko vibarua sita chumba kimoja, na mmoja wetu anakoroma kama lori linalopanda mlima na mzigo wa mawe.

Barua yako niliisoma nimesimama katikati ya vitalu, nikacheka peke yangu mpaka Bwana Misitu, mkubwa wetu hapa, akaja kuuliza kuna nini. Akaitaka aisome. Aliisoma mara mbili. "Watoto wa namna hii ndio tunaowahitaji," akasema. Kwa hiyo endelea kuniandikia, na usiache kitu. Niandikie mnavyofanya, mnavyojaribu, udongo, maji, kila kitu. Anapenda.

Sasa sikiliza kama mtu wa kazi. Okoteni zilizoanguka zenyewe, msipige matawi kwa mawe. Chagueni mti ulionyooka, mti uliopinda huzaa iliyopinda. Na msiokote za mti mmoja tu hata kama zimejaa, changanyeni za miti mingi, maana mbegu za mti mmoja ni ndugu watupu, ugonjwa ukibisha hodi unafagia nyumba nzima. Anikeni kivulini. Msifunge gunia lenye unyevu, ukungu utawatangulia.

Atakuja mpiga picha mwezi ujao. Mwambie Mwalimu awapange vizuri, na wewe simama mbele na gunia lako. Tabasamuni. Ni picha ya Idara hiyo, itaonekana na watu wakubwa.

Kuhusu mimi, bado ni kibarua, lakini Bwana Misitu ameniambia mambo ya huko kwetu yakienda vizuri jina langu litakuwa la kwanza kuajiriwa. Niombeeni.

Kuhusu kilima, ndivyo inavyosemwa. Mambo ya Idara hayatangazwi kabla ya wakati wake, kwa hiyo yasifike kila jikoni.

Kaka yako

*

Nyumbani,
2 Mei 1966

Kaka,

Mpiga picha alikuja akatupanga kwa kimo, akatupangua, akatupanga tena. Mimi mbele na gunia, Mapengo ubavuni kwangu. Yule bwana alimwambia Mapengo afumbe mdomo. Mapengo akajibu, "Umesema tutabasamu. Nikifumba nitakuwa nimenuna." Ikabidi apigwe na mapengo yake yote. Tunaisubiri hiyo picha kama mvua.

Ulisema unataka majaribio, haya nakupa. Mwalimu alisema tusimwamini yeye, tujaribu wenyewe. Tukaweka makopo mawili makubwa dirishani. La kwanza tulilijaza udongo wa kilimani. Mimi na Mapengo ndio tuliopanda kuuchota, na tukisema kweli tulichota kokoto. La pili tulilijaza udongo wa bondeni, wa shamba la Mama, pale karibu na mihogo ya mwaka jana. Mbegu sawa, maji sawa, jua sawa.

Kaka, ungeona! Kwenye kopo la kilimani imeota miche mitatu, njano kama watu waliotoka homa, na mmoja tayari umelala. Kwenye kopo la bondeni imetoka kumi na moja, imesimama kama askari, majani yameanza kukwaruza kama msasa. Mwalimu akatueleza kwamba msaji unataka udongo wenye kina, usiotuama maji, na kwamba kwenye mawe hauna pa kuweka mguu. Nikanyoosha mkono. "Sasa kilimani itakuwaje, Mwalimu?" Aliyatazama yale makopo kwa muda. Akasema wataalamu wana njia zao.

Mimi nimefikiri njia. Mwambie Bwana Misitu mashimo ya kilimani yachimbwe makubwa, yajazwe udongo wa kwetu bondeni. Hapa unao mpaka kiunoni, Mama anasema hajawahi kufikia mwisho wake na jembe. Sisi watoto tuko wengi, tutaubeba kwa ndoo.

Jambo jingine. Wamekuja watu watatu bondeni na mnyororo mrefu wa chuma na kitu cha kuchungulia chenye miguu mitatu. Wamepigilia vigingi vyenye vichwa vyekundu, kimoja kimeingia katikati ya kunde zetu. Mama ameking'oa, amekipigilia uani akakifungia mbuzi. Anasema serikali imemtunuku. Bibi yake Mapengo aliwauliza wanapima nini, wakasema, "Tunapima tu, bibi." Akawajibu, "Hata mwizi hupima ukuta kabla hajauruka." Mapengo alicheka mpaka akakaa chini, lakini bibi yake hakucheka.

Ni nini hivyo vigingi? Wewe lazima unajua.

Sisimizi

*

Bustani ya Miche,
13 Mei 1966

Sisimizi,

Naandika mbio, gari la posta limeshawasha moto.

Umefikiri vizuri kuhusu udongo. Nimeyafikisha maneno yako, yamepokelewa vizuri sana.

Vigingi ni vya njia ya kupitishia miche. Mwambie Mama akirudishe kile cha mbuzi pale pale alipokitoa, asije akapata matatizo.

Na mwambie mwaka huu asipande mihogo. Apande kunde, mchicha, vitu vya haraka vinavyoliwa mapema. Kuna ugonjwa wa mihogo unakuja. Usiniulize zaidi, mwambie hivyo tu, na kwamba nimesisitiza.

Ninaleta kitambaa cha gauni kwa Mama kwa mkono wa dereva wetu. Mpelekeeni fundi cherehani, yule jirani.

Kaka yako

*

Nyumbani,
20 Juni 1966

Kaka,

Kitambaa kimefika. Fundi kakishona kwa mapenzi lakini kapunguza kiuno kwa makadirio yake, sasa Mama anaingia kwenye gauni kwa sala na kutoka kwa msaada wa majirani. Lakini amelipenda. Amelivaa siku mbili mfululizo na hajaruhusu mtu amguse.

Mihogo hatukupanda. Mama aliposema kwamba umesisitiza, bonde zima halikupanda. Watu walikuja mmoja mmoja kuniuliza, "Eti kijana wetu kasema?" Nami nawaambia, kasema. Wamepanda kunde kila mahali, tunakula majani ya kunde mpaka mbuzi anatuonea wivu. Ni bibi yake Mapengo tu aliyekataa. Alisema ameila mihogo tangu Mama yangu hajazaliwa na haijamwambia kwamba inaumwa. Mwalimu alimuuliza bwana shamba kuhusu huo ugonjwa, naye hajausikia. Mimi nilimwambia Mapengo, "Ngojeni tu. Kaka yangu hujua mambo kabla hayajafika."

Kigingi Mama amekirudisha, ila hakukumbuka pa kukirudisha. Kipo nyuma ya choo. Njia yenu ya miche itapitia huko, mtusamehe.

Lori lilikuja kuchukua magunia. Tuliyapakia kwa kuimba. Dereva alituambia hajawahi kuona mbegu safi hivyo, hazina mchanga, hazina majani. Ile picha je? Mapengo ananiuliza kila asubuhi badala ya kunisalimia.

Mbona barua zako zimekuwa fupi? Au yule wa kukoroma amekunyima nguvu za kushika kalamu?

Sisimizi

*

Nyumbani,
6 Septemba 1966

Kaka,

Picha imefika.

Aliileta Bwana Misitu mwenyewe jana, kwenye mkutano, katika darasa letu kwa sababu ndilo kubwa. Ilikuwa imekuzwa ukubwa wa mlango, imebandikwa kwenye ubao. Sisi watoto tuliikimbilia. Mapengo aliyaona meno yake akapiga kelele ya furaha. Chini ya picha palikuwa na maandishi makubwa, na Bwana Misitu akamwomba Mwalimu awasomee wazee. Mwalimu akaanza kwa sauti: "Wananchi wa bondeni..." Kisha sauti ikapungua. "...wameukaribisha msitu. Wametoa mbegu, wametoa ardhi."

Nilidhani Mwalimu amekosea kusoma. Nikasoma mwenyewe. Hakukosea.

Bwana Misitu alisema bonde lote kuanzia daraja mpaka kwenye miamba litapandwa misaji mvua za mwisho wa mwaka zikianza. Alisema watu watagawiwa viwanja ng'ambo ya kilima, na wavune walicho nacho mapema. Mzee mmoja akasimama, akasema tuliambiwa miche ni ya kilimani. Bwana Misitu akatabasamu, si kwa ubaya, kama anayemtania mtoto.

"Kilimani ni mawe, mzee. Watoto wenu wenyewe wamejaribu kwa makopo. Sisi tulikuwa tunahangaika kumpata mtaalamu wa udongo, binti wa hapa akatufanyia kazi hiyo bure. Kijana wenu alinisomea barua. Udongo mpaka kiunoni! Yuko wapi huyo binti?"

Nilikuwa mbele yake, Kaka. Nilikuwa mstari wa mbele, kama kwenye picha.

Kisha bibi yake Mapengo akauliza, polepole kabisa, "Na aliyetuma maneno watu wasipande mihogo alikuwa nani?"

Wote wakamgeukia Mama. Alikuwa amevaa lile gauni. Akainuka, gauni likambana, akashindwa kusimama wima mara ya kwanza, ikabidi ashike dawati. Akasema, "Nilimwamini aliyenyonya kwangu. Kama ni kosa, nihesabieni." Akaketi.

Nje Mapengo alinisubiri. "Ulijua?"

"Sikujua."

"Si ulisema kaka yako hujua mambo kabla hayajafika? Basi alijua." Akaondoka. Leo asubuhi amehamia dawati la nyuma.

Niambie kwamba Bwana Misitu alikuibia ile barua yangu ya udongo. Niambie aliisoma ulipokuwa umetoka. Nitakuamini. Ukiniandikia hivyo leo, nitakuamini.

Sisimizi

*

Kwa Fundi Cherehani,
22 Septemba 1966

Kijana,

Anayeandika ni mimi Fundi, jirani yenu. Maneno ni ya mama yako, makosa ya kalamu ni yangu. Mdogo wako amekataa kuandika, anasema mkono unamuuma. Ninavyoona mimi, si mkono.

Mama yako anasema:

Mwanangu, tumesubiri jibu lako na halikuja. Sikuandikii kugombana. Watu hapa hawanitukani, ningependa wanitukane. Wananisalimia vizuri na kupita haraka. Nikifika kisimani mazungumzo yanahamia kwenye hali ya hewa.

Nina swali moja tu, na nataka ulijibu kwangu kama ulivyokuwa unanijibu ulipokuwa mdogo, ukiwa umesimama mbele yangu bila kutazama pembeni. Siku ile ulipotuma neno tusipande mihogo, ulikuwa unatuonea huruma sisi, au ulikuwa unawasafishia wao shamba?

(Hapa nimesubiri maneno yake. Nimechovya kalamu mara mbili bure.)

Anasema ni hilo tu. Anasema ujifunike vizuri, huko asubuhi kuna ukungu.

Mimi kwa upande wangu naongeza moja, mama yako hajui. Lile gauni amenirudishia. Nilidhani nilipanue kiuno. Kumbe anataka nilifumue nimshonee mifuko ya kubebea mbegu za kunde siku ya kuhama. Nimelifumua. Miaka mingi nashona, sijawahi kufumua nguo kwa uzito ule.

Fundi

*

Bustani ya Miche,
3 Oktoba 1966

Mama yangu mpendwa, na wewe Sisimizi,

Najua Sisimizi ndiye atakayesoma, kwa hiyo naandika kwenu wote wawili.

Mama, unauliza swali moja. Jibu ni kwamba niliwaonea huruma. Nilijua mihogo haitakomaa kabla ya kung'olewa, na sikutaka jasho lako lipotee. Kwa nini sikusema wazi? Kwa sababu nilikatazwa, na kwa sababu ningesema mngefanya nini? Bonde lilikuwa limekwisha kuamuliwa. Mimi ni nani, kibarua wa kumwagilia miche, niwazuie watu wenye magari? Kama si mimi angekuwa mtoto wa mwingine, na yeye asingewaambia hata habari ya kunde.

Sisimizi, barua sikuibiwa. Niliisoma mwenyewe, kwa sauti. Siwezi kukudanganya kwa hilo. Nilijivunia. Nilitaka aone kwamba kwetu kuna watu wenye akili. Habari ya udongo wa bondeni ilipofika nilitaka kuiruka, lakini alikuwa ananisikiliza, na nilishaanza sentensi.

Nimeajiriwa tangu Agosti. Nina chumba changu, kina dirisha. Ningewaandikia habari hii kwa furaha kama mambo yangekuwa mengine.

Sasa sikilizeni vizuri, hili lisitoke ndani. Siku ya kugawa viwanja watu watachukua namba kutoka kwenye kofia. Mama usichukue. Namba yenu imewekwa pembeni, ni kiwanja cha kwanza, karibu na kisima, kina udongo wa kueleweka. Nimepigania hicho kwa shida. Wengine wengi watapata miinuko. Siku moja mtajua nilifanya nini kwa ajili yenu.

Nitakuja na wakubwa siku ya kupanda. Bwana Misitu anataka mche wa kwanza upandwe na Sisimizi, yule yule wa kwenye picha. Patakuwa na wageni. Mdogo wangu, nakuomba jambo moja tu katika maisha yangu. Usiniaibishe.

Kaka yenu

*

Nyumbani,
29 Novemba 1966

Kaka,

Ulikuwepo siku ya kupanda, lakini ulikuwa upande wa pili wa ile kamba iliyotutenga na wageni. Kwa hiyo nakuandikia ya upande wetu. Baada ya hapo sitakuwa na la kuandika.

Naanza na viwanja. Barua yako nilimsomea Mama yote, hata pale uliposema lisitoke ndani. Akaniambia nisome tena hapo penye kofia. Siku ya kugawa, karani alimwita pembeni, akamwambia kwa sauti ndogo, "Mama, yako ipo." Mama akajibu kwa sauti kubwa, "Yangu iko ndani ya kofia na za wenzangu." Akatia mkono. Akapata cha juu kabisa, penye mawe, mbali na kisima. Kile cha kwanza karani alikitia kwenye kofia, maana watu wote walikuwa wamesikia. Amekipata mzee asiye na mke wala mtoto, hata hajui akifanyie nini.

Bibi yake Mapengo aliing'oa mihogo yake. Ilikuwa myembamba kama vidole. Aliileta kapu zima, akagawa mlango kwa mlango, na kwetu akafika pia. Aliiweka kizingitini bila kubisha hodi. Mama aliipika, tukaila na nyuzi zake, hakuna aliyeacha hata kipande.

Shuleni Mwalimu hafundishi tena sayansi. Anatupa hesabu, anakaa dirishani. Idara ilituma magunia matupu tujaze mara ya pili. Yako pale stoo. Mbegu zimejaa chini ya misaji na tunazikanyaga tukipita, hata darasa la tatu hawaziokoti, na hakuna aliyewakataza.

Sasa siku yenyewe. Asubuhi Mwalimu aliniita. "Panda tu, binti yangu," akasema. "Mche hauna kosa. Na mimi nina watoto wa kulisha." Nikamwambia sawa. Nilikuwa nimekusudia kupanda, Kaka. Ulikuwa umeniomba, na usiku kucha nilijiambia kwamba ni shimo na mche tu.

Lakini sikujua shimo litakuwa wapi. Walilichimba shambani kwetu, mahali pale pale nilipochota udongo wa lile kopo. Nani aliwaonyesha? Mimi sikuandika kwenye barua zaidi ya kusema karibu na mihogo ya mwaka jana. Aliyelijua shamba letu kiasi hicho ni mmoja tu kati ya wote waliosimama na suti na sare.

Bwana Misitu alinipa mche, akanipa na jembe dogo lililopakwa rangi. Mpiga picha akainama. Nikatazama nyuma nikawaona watu wa kwetu nyuma ya kamba, na Mama kati yao kwa gauni lake la zamani la shamba. Miguu yangu ikanipeleka kwako. Sikupanga. Nilikunyooshea ule mche, nikasema, "Panda wewe. Wewe ndiye unayelijua shamba."

Ulisema kwa kunong'ona, "Sisimizi, tafadhali."

Sikurudisha mkono. Bwana Misitu akacheka, akadhani ni haya za watoto. "Haya, kaka mtu, msaidie mdogo wako!" Wageni wakapiga makofi. Ukapiga magoti na suruali yako mpya. Hukuwa unatetemeka. Uliukata mfuko vizuri, hukuuvunja mzizi, ukajaza udongo wa juu kwanza na wa chini mwisho, ukashindilia kwa viganja kama Mama anavyoshindilia. Ulipomaliza ulibaki umeinama kwa muda, mpiga picha akakwambia utazame juu. Sijui kama ulitazama. Mimi nilikuwa nimeshavuka kamba.

Tulitembea na Mama mpaka kwenye daraja. Hapo akasema, "Alipopiga magoti nilimwona baba yake, Mungu amrehemu." Akatembea kidogo. Akasema, "Bora hakuyaona haya." Na hapo akalia, Kaka, si kwa kiwiko. Alikaa kwenye ukingo wa daraja akalia kama mtu aliyepokea habari ya msiba, na watu wetu waliokuwa wanampita haraka miezi hii yote wakasimama. Mmoja akamshika bega. Kisha mwingine.

Mapengo na bibi yake hawakuchukua kiwanja. Wameondoka Alhamisi kwenda kwa shangazi yake, mbali, siku mbili kwa gari. Nilisikia, nikaenda kusimama katikati ya njia makusudi, ili asiweze kupita bila kuniona. Alikuwa amebeba godoro kichwani. Alinitazama vizuri. Nilidhani atasema neno, hata la kunitukana. Alilishika godoro vizuri, akapita pembeni yangu kwenye majani.

Sisi tunahama kesho. Mama amesema nikwambie hakulaani, na kwamba mlango wa huko utakapokuwa na bawaba unaweza kubisha. Hayo ni yake. Mimi nimeahidi kuyaandika na nimeyaandika.

Yangu ni haya. Ukitaka kuandika, mwandikie Mama, Fundi atamsomea. Nimemwambia Fundi nikiwepo asisome kwa sauti. Uliponiambia nisiache kitu, udongo, maji, kila kitu, sikuacha. Nilikuwa nakuandikia wewe, Kaka. Hata uliposema Bwana Misitu anazipenda barua zangu, sikujua kwamba tulikuwa watatu.

Mdogo wako, kwa kuwa hilo halibadiliki.